Ekseli ya nyuma ya Land Cruiser: pima yako kabla hujaenda yadi

Muuzaji wa spea akikuambia "hii inaingia bila shida, bosi," mara nyingi hasemi uongo. Itaingia kweli. Springi zitakaa juu yake, yubolti zitafungwa, na gari litatoka gereji likitembea lenyewe. Shida huanza siku dereva anapoingiza 4WD: usukani unakuwa mzito, transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) inalia, na gia inagoma kurudi 2WD mpaka arudishe gari nyuma kidogo. Hapo ndipo mwenye gari anapojua kwamba alinunua ekseli yenye uwiano mwingine wa gia, isiyoweza kufanya kazi na ya mbele, na pesa yake imelala kwenye chuma.

Mwongozo huu unahusu Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kuuzwa mwaka 1984, ambazo Tanzania tunaziita mkonga. Ndizo zinazobeba watalii kutoka Arusha kwenda Serengeti, chanjo na wagonjwa vijijini, na mizigo kwenye barabara ambazo gari dogo halithubutu. Kwa Hilux au Defender namba zinabadilika, lakini mpangilio wa kupima ni huohuo.

Hatua ya 1: Hakikisha kilichokufa ni ekseli nzima

Ekseli ya nyuma ya mkonga ina sehemu kubwa tatu zinazonunuliwa mbalimbali: nyumba yenyewe, yaani lile bomba nene linalofungwa kwenye springi, kichwa cha difu, chenye krauni (gia kubwa ya duara) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha), na hafshafti mbili, zile fimbo zinazozungusha matairi. Kichwa cha difu kinafunguliwa kwa mbele na kutoka kizima huku nyumba ikibaki kwenye gari. Kwa hiyo kama meno ya krauni yamekatika na nyumba imenyooka, usinunue ekseli nzima. Nunua kichwa. Hafshafti ikikatika, kazi ni ndogo zaidi, mradi vipande vyote vya chuma vitolewe ndani.

Kinacholazimisha kubadilisha kila kitu ni nyumba. Inapinda kwa mzigo uliozidi, kwa shimo lililopigwa gari likiwa kasi, au inapasuka kwenye weldi karibu na kitako cha springi. Dalili zake ni hizi: sili ya habu inavuja tena muda mfupi baada ya kubadilishwa, beringi za upande mmoja zinakufa kila mara, na matairi ya nyuma yanalika kwenye ukingo wa ndani au wa nje tu. Ukiona sili ya upande uleule inabadilishwa mara ya pili au ya tatu, mwambie fundi aache sili apime nyumba.

Kupima hakuhitaji mashine. Egesha gari kwenye sakafu tambarare. Kwenye kila tairi la nyuma, upande unaotazama mbele, chora alama ya chaki katikati ya kashata za tairi, kwenye kimo ambacho futi itapita chini ya gari bila kugusa propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) wala chasisi. Sentimita 25 hivi kutoka chini hutosha. Pima umbali kati ya alama mbili. Kisha sukuma gari taratibu mpaka alama zilezile zitokee upande wa nyuma wa tairi, kimo kilekile, upime tena. Kwa kuwa unapima alama zilezile, rimu iliyopinda haitakupotosha. Kwenye ekseli nzima vipimo viwili vinapaswa kulingana. Tofauti ikizidi milimita tatu au nne, na ukirudia ukapata hivyohivyo, nyumba imepinda. Kuinyoosha kwa moto na jeki kunafanyika mitaani kila siku, lakini chuma kilichopashwa hivyo hakirudi na nguvu yake, na kwa gari linalobeba watu mimi siungi mkono.

Hatua ya 2: Jua uwiano wako, na uujue wa mbele pia

Hili ndilo la kwanza kwa uzito, na ndilo linalorukwa zaidi. Uwiano wa difu ni idadi ya mizunguko ya propela kwa kila mzunguko mmoja wa matairi. Mikonga mingi ya injini ya 1HZ inakuja na 4.11 au 4.30. Zenye V8 ya dizeli zina 3.91. Kwa macho, nyumba zake zinafanana.

Kwenye chumba cha injini kuna kibao cha chuma chenye mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Nakili herufi na namba zake zote. Duka la spea lenye katalogi litakuambia uwiano wa kiwandani. Ila kibao kinaeleza gari lilivyotoka kiwandani, na gari lenye miaka 20 barabarani huenda limeshabadilishwa difu na mtu asiyeandika popote. Kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Zuia matairi ya mbele kwa mawe au mbao, mbele na nyuma yake. Weka gia huru, 2WD, achia handbreki. Inua tairi moja tu la nyuma na uweke stendi imara, jingine libaki chini. Piga chaki kwenye propela na kwenye tairi. Sasa msaidizi azungushe tairi lililo juu mizunguko 20 kamili, wewe ukihesabu mizunguko ya propela. Kwa difu ya kawaida, tairi moja likiwa limesimama, mizunguko 20 ya tairi ni mizunguko 10 ya krauni. Ukipata 41 na kidogo, una 4.11. Ukipata 43, una 4.30. Ukipata 39 na kidogo, una 3.91. Watu wengi huzungusha mara mbili tu na kuhesabu "nne na kitu". Hicho "kitu" ndicho kinachotenganisha 4.11 na 4.30, na kwa mizunguko miwili jicho haliwezi kukiona vizuri. Kama difu yako ina loki (inayolazimisha matairi mawili yazunguke pamoja) iliyofungwa au ni ya kubana, inua matairi yote mawili, yazungushwe pamoja mara 10, hesabu ni ileile.

Rudia kazi hiyo kwa ekseli ya mbele, usukani ukiwa umenyooka na habu za mbele zikiwa kwenye LOCK. Namba mbili zisipolingana tayari una tatizo kabla hata ya kununua.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwenye mkonga wa kawaida, ukiingiza 4WD transfa inafunga propela ya mbele na ya nyuma pamoja, zizunguke sawa. Ukiwa na 4.11 mbele na 4.30 nyuma, tofauti ni karibu asilimia 4.6. Yaani nyuma ikitaka kwenda mita 100, mbele inataka kwenda karibu mita 104 na nusu. Kwenye tope matairi yatateleza na kusameheana. Kwenye mwamba au changarawe kavu hakuna pa kuteleza, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye minyororo au gia za transfa, kwenye jointi za propela, au kwenye meno ya difu ya mbele ambayo ni ndogo kuliko ya nyuma.

Umepata ekseli nzuri sana yenye uwiano tofauti? Inawezekana kuinunua, ila bajeti ihusishe pia krauni na pinioni za mbele. Wapo wanaofanya hivyo makusudi. Aliyetoka kwenye tairi la 265/75R16 akaenda 285/75R16 ameongeza kipenyo kwa karibu asilimia 3.7, na gari linakuwa zito kwenye mlima. Kutoka 4.11 kwenda 4.30 mbele na nyuma kunarudisha nguvu hiyo yote na ziada kidogo, na spidomita nayo inarudi karibu na ukweli.

Hatua ya 3: Pima umbo

Toka na futi ndefu, daftari na mtu wa kushika upande wa pili. Andika haya:

Upana wote, kutoka uso wa habu ambapo rimu inakaa mpaka uso wa upande wa pili. Umbali kati ya vitako vya springi, katikati kwa katikati, na kipenyo cha tundu la senta bolti. Umbali kutoka katikati ya flenji ya pinioni hadi kila mwisho wa ekseli, kwa sababu kichwa cha difu si lazima kiwe katikati kabisa, na propela ikivutwa pembeni jointi zake hazitadumu. Kipenyo cha flenji ya propela na nafasi ya bolti zake nne. Idadi ya matundu ya rimu.

Hilo la mwisho linawashika wengi. HZJ75 na ndugu zake wa zamani wana nati sita kwa kila tairi. Mabadiliko makubwa ya mwaka 1999, yaliyoleta HZJ78 na HZJ79 zenye springi za koili mbele, yalileta pia nati tano. Ukiweka ekseli ya nati tano nyuma ya HZJ75, utahitaji aina mbili za rimu, na spea tairi moja haitakusaidia kote. Kwa gari linalokwenda mbali na mji hiyo ni hatari halisi.

Upana nao una historia. Toyota walipoingiza V8 mwaka 2007, mbele ilipanuliwa kuipa injini nafasi, nyuma ikaachwa. Kwenye pikapu hizo matairi ya nyuma yamekaa ndani kuliko ya mbele kwa karibu milimita 95 kwa jumla, na kwenye mchanga unahisi nyuma inachimba njia yake. Wenye V8 wengi wanatafuta ekseli ya nyuma iliyopanuliwa, inayotengenezwa hasa Australia. Ni suluhisho zuri kuliko speisa za rimu (vipande vinavyosogeza rimu nje), maana speisa inasogeza mzigo nje ya beringi zilizopangwa kuubeba.

Ekseli ya Land Cruiser 80 au ya HZJ105 itakuvutia kwa bei na kwa hali yake. Lakini hizo zimejengwa kwa springi za koili: zina mabano ya mikono ya kuvuta na hazina vitako vya springi za majani. Kukata na kuchomelea vitako kunahitaji jigi (fremu ya kushikilia chuma mahali pake), vinginevyo pinioni itatazama juu au chini kuliko inavyotakiwa na propela itatetemeka. Kama gereji yako haina jigi, pita uende kwenye inayofuata.

Kwa wenye magari ya watalii yaliyorefushwa chasisi, ongeza kipimo kimoja: pembe ya pinioni. Weka geji ya pembe, hata ile ya kwenye simu, kwenye uso wa flenji ya ekseli ya zamani gari likiwa limesimama kwa uzito wake, uandike. Propela ndefu haivumilii makosa ya pembe kama ile fupi.

Hatua ya 4: Nani anabeba mzigo, habu au hafshafti?

Ekseli ya fulfloti ina habu inayokaa kwenye spindeli (ncha ya nyumba isiyozunguka) kwa beringi mbili, na uzito wote wa gari unakaa hapo. Hafshafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika porini, tairi linabaki mahali pake. Unafungua nati za mwisho wa habu, unavuta shafti nje, na gari linavutwa au linaendelea polepole kwa ekseli ya mbele. Aina nyingine, ambayo ipo kwenye Hilux nyingi na kwenye baadhi ya mikonga mifupi, hafshafti inabeba uzito na kuzungusha kwa pamoja. Ikikatika karibu na beringi ya nje, tairi linaweza kuondoka pamoja na dramu.

Kuitambua ni rahisi: fulfloti ina habu inayochomoza katikati ya rimu, yenye duara la nati ndogo. Isiyokuwa hivyo, katikati ya rimu ni bapa au ina kifuniko tu.

Kwa gari la kubeba watu au tangi la maji, chagua fulfloti bila kujadiliana. Usikubali kushuka kutoka fulfloti kwenda ile nyingine eti kwa sababu ni nafuu au imepatikana haraka.

Hatua ya 5: Breki na nyaya

Nyuma ya mikonga kuna breki za dramu na kuna za diski. Ukitoka moja kwenda nyingine unagusa silinda kuu ya breki, nyaya za handbreki, mabomba, na ile valvu inayopima mzigo kwa fimbo iliyofungwa juu ya ekseli. Inawezekana, lakini kwa mtu anayetaka gari lirudi kazini wiki hii, tafuta ekseli yenye breki kama zako. Gari lenye ABS linahitaji ekseli yenye sehemu za sensa, la sivyo taa haitazimika na mfumo hautafanya kazi.

Difu loki ya kiwandani ni zawadi ukiipata. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, tairi moja likipoteza mshiko difu ya kawaida inapeleka nguvu yote huko, na loki ndiyo inayokutoa. Ila hakikisha mota ya loki ipo, waya wake haujakatwa fupi, na muuzaji anakupa swichi na kidhibiti chake. Kuvitafuta baadaye kimoja kimoja ni gharama.

Hatua ya 6: Ukiwa yadi

Ekseli za mtumba zinazouzwa Kariakoo na Gerezani, au Kirinyaga Road Nairobi, nyingi zimetoka Japani au kwenye yadi za Sharjah. Za Japani huwa hazijateswa na mzigo, lakini zilizotoka kwenye mikoa ya theluji zimeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani: chokonoa kwa bisibisi chini ya nyumba na kuzunguka vitako. Za Ghuba hazina kutu, ila mchanga umeingia popote ambapo sili ilichoka.

Anza na oili. Fungua koki ya chini, pokea kidogo kwenye kopo safi. Uji mwembamba wa rangi ya fedha kwenye sumaku ya koki ni wa kawaida. Punje unazoweza kuzihisi kwa vidole ni meno au beringi. Oili nyeupe kama maziwa ina maji, na beringi zilizokaa na maji miezi kadhaa kwenye kontena zina vidonda usivyoviona. Kama ekseli haina oili kabisa, dai kichwa kitolewe ukione.

Kichwa kikiwa nje, tazama meno ya krauni kwenye mwanga wa jua. Alama ya msuguano iwe katikati ya jino na meno yote yafanane. Angalia namba zilizopigwa pembeni mwa krauni: 9 na 37 ni 4.11, 10 na 43 ni 4.30, 11 na 43 ni 3.91. Shika flenji ya pinioni uisukume juu na chini. Isicheze hata kidogo. Kisha izungushe mbele na nyuma: mchezo mdogo lazima uwepo, kiwandani ni kati ya milimita 0.15 na 0.20, yaani unasikia mgongano mdogo bila kuona flenji ikitembea sana.

Sasa spindeli. Ng'oa habu, futa grisi yote kwa mafuta ya taa, kisha pitisha ukucha pole pole kwenye njia ya beringi na ya sili. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, beringi ya ndani ilizunguka juu ya spindeli, na beringi mpya utakayoweka itacheza hapohapo. Ukiona rangi ya bluu kwenye chuma, ilipashwa na joto la beringi iliyokufa. Hapa ndipo ninapokataa ekseli nyingi zaidi, hata zile zenye difu safi, kwa sababu muuzaji huwa ameosha nje na kupaka rangi nyeusi na hakuna anayefungua habu.

Mwisho vuta uzi kutoka mwisho hadi mwisho wa nyumba, juu na kisha kwa nyuma, ukilinganisha nafasi kati ya uzi na bomba pande zote mbili. Dai risiti ya EFD yenye maelezo ya ekseli, na muda wa kurudisha uandikwe hapohapo.

Hatua ya 7: Vya kununua pamoja nayo

Yubolti mpya, siyo za zamani. Za zamani zimeshavutika na hazishiki tena. Sili zote, beringi za habu, gasketi, grisi, na oili ya GL-5 ya namba 90. Angalia pia kipumuleo juu ya nyumba. Ekseli yenye moto ikiingia mtoni hewa ndani inasinyaa ghafla, na kipumuleo kikiwa kimeziba maji huvutwa kupitia sili. Kwa gari la mito, unganisha bomba la mpira kutoka kwenye kipumuleo mpaka juu ndani ya bodi.

Siku ya kubadilisha oili, legeza koki ya kujazia kwanza, kabla ya kumwaga. Ikigoma kufunguka ukiwa umeshamwaga, gari limelala hapo.

Kama krauni na pinioni ni mpya, kilomita mia chache za mwanzo zisiwe na mzigo wala trela, na dereva asimame difu ipoe baada ya mwendo mrefu wa kwanza. Gusa nyumba karibu na pinioni kila akisimama: joto linalokubali kiganja ni sawa, lisilokubali linaonyesha beringi imebanwa mno. Kaza yubolti tena baada ya kilomita 500, gari likiwa chini kwa uzito wake, na umwage oili ya kwanza ikifika kilomita 1,000 uitazame kwenye kopo kama ulivyofanya yadi.